Sikio Nililomwongezea Katibu

Vijana wangu mnaokuja kituoni kila Jumamosi na simu zenu nzuri, Mama Mutheu ameniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kupiga picha za mbwa wasio na kwao. Nimekaa na kalamu siku mbili nikitafuta pa kuanzia. Kila nikianza na mambo ya mwanga na lenzi, najikuta namkwepa mbwa mmoja. Basi acha nianze naye. Niliwahi kumwongezea mbwa sikio. Sikulishona. Nililiweka kwenye picha, kwa kompyuta, alasiri moja baada ya chai, akili zangu zote zikiwa timamu. Kwa sababu ya sikio hilo nilitia sahihi karatasi ya serikali ambayo mpaka leo siwezi kumsomea mtu bila kurudia mara mbili.

Lakini mnijue kwanza. Miaka thelathini na miwili nilipiga picha za paspoti na vitambulisho katika studio iliyokuwa ghorofa ya kwanza karibu na River Road, juu ya duka la vitambaa. Kazi yangu yote ilikuwa maneno machache: kaa wima, tazama hapa, masikio yaonekane, usicheke. Nimelea watoto kwa kuwaambia watu wasicheke. Aliyenifunza alikuwa mwenye studio, Mzee Onyango, mtu mfupi aliyevaa koti jeupe kama daktari. Alikuwa na penseli aliyoichonga ikawa kama sindano, na kwa penseli hiyo aliinama juu ya negativu ya filamu akafuta chunusi, makovu na mifuko ya chini ya macho. Aliniambia mteja haji kutafuta uso wake, uso wake anao nyumbani. Anakuja kutafuta ule ambao angependa watu wauone. Mwalimu mkuu mmoja tulimpunguza miaka mpaka ombi lake la paspoti likarudishwa kwamba picha si yake. Alipanda ngazi kuja kutuambia, na alikuwa amefurahi sana.

Baadaye penseli ikaondoka, ikaja kompyuta, nami nikajifunza kufuta kovu kwa kidole kimoja. Kisha zikaja hizo simu zenu, na ngazi zetu zikanyamaza. Tulipofunga studio, mimi na mke wangu tulihamia Kileleshwa kwenye fleti ya binti yetu Sarah, anayefanya kazi ng'ambo. Nikawa mzee wa kukaa roshani na kuhesabu magari.

Mama Mutheu tulikuwa tukisali naye. Alikuwa nesi, akastaafu, kisha akaanza kuokota mbwa waliotupwa. Wakati huo aliwaweka Muthangari, nyuma ya nyumba moja ya zamani yenye uwanja mkubwa. Mwenye nyumba akauza ploti kwa watu wa kujenga maghorofa, na Mama Mutheu akapewa mpaka mwisho wa mvua awe ametoka. Alikuwa na mbwa ishirini na watatu. Mahali pengine alipopata, huko mnakokuja nyinyi leo, palikuwa na banda moja bovu la kutosha mbwa wawili. Alinifuata baada ya ibada akanieleza hayo yote akitazama viganja vyake. Akasema ambaye hatakuwa amepata nyumba kufikia siku hiyo, daktari atakuja na sindano, na yeye mwenyewe atamshika kichwa.

Nikamwambia sijui mbwa. Kwetu Kakamega mbwa alikaa nje na sisi tukakaa ndani, wala hatukuwa na mengi ya kuzungumza.

"Wana nyuso, Baba Sarah," akasema. "Kazi yako si ilikuwa nyuso?"

Siku ya kwanza nilifika na stuli, shuka nyeupe na kitana. Mama Mutheu alikitazama sana kile kitana. Nikatundika shuka kwenye kamba ya nguo, nikaweka stuli mbele yake, nikaomba mteja wa kwanza. Akaletwa jike wa madoadoa ambaye aliinusa stuli, akalala chini, akaanza kuitafuna mguu. Kufikia saa nne stuli ilikuwa na miguu mitatu na mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye matope. Huko chini ndiko nilikojifunza jambo la kwanza: lenzi iwe mahali yalipo macho ya mbwa. Mbwa unayempiga picha ukiwa umesimama hutokea kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Lala chini. Nguo zitafuliwa.

Flashi zima kabisa, maana macho yatatoka ya kijani na watu watafikiri unawauzia jini. Mbwa mweusi usimpigie kivulini, utapata picha ya shimo lenye meno; msogeze mahali mwanga unamjia kutoka ubavuni. Ukitaka akutazame, chukua karatasi ya mkate uifinye karibu na lenzi. Ifinye mara moja tu. Mara ya pili ameshajua hakuna mkate, na heshima yako imeisha.

Ila sikuweza kuacha mazoea. Huku nimelala kwenye matope nilikuwa nikisema, songa kidogo mzee, kidevu chini, hapo hapo. Na mbwa wale, sijui kwa nini, walitii. Walikaa wima mbele ya shuka wakafunga vinywa. Picha zilipotoka, walionekana kama watu walioitwa kwenye mahojiano ya kazi. Mama Mutheu alicheka mpaka akakalia ndoo. Hatukuwa na muda wa kurudia, kwa hiyo tukachapisha matangazo hivyo hivyo, nyuso nne nne kwenye karatasi moja, jina na umri chini. Tukayabandika Adams Arcade, kwenye duka la vitabu, kwa muuza nyama na saluni.

Aliyepiga simu wa kwanza aliuliza hao waombaji wanatafuta kazi gani. Mama Mutheu akamweleza ni mbwa. Yule bwana akasema hilo ameliona, lakini wa kushoto anaonekana amewahi kusimamia ofisi. Alikuja Jumapili akamchukua, akamwita Meneja. Mama mmoja aliuliza kama yule wa juu ana barua kutoka kwa mwajiri wake wa mwisho. Naye akachukua. Sikuelewa wakati huo, lakini sasa nadhani naelewa: watu walikuwa wamezoea picha za mbwa wa kuhurumiwa, mbwa nyuma ya waya, mbwa wanaolia. Hawa wetu hawakuomba huruma. Walikaa wima wakangoja kuitwa.

Wiki zikapita, wakaondoka mmoja mmoja. Wakabaki watatu: wagonjwa wawili ambao Mama Mutheu angeenda nao kwenye lile banda, na Katibu.

Katibu alikuwa dume mzee wa rangi ya udongo. Sikio la kulia hakuwa nalo, lilikuwa limeondoka na shina lake, na kutoka hapo kovu liliteremka mpaka shingoni. Aliletwa akiwa hivyo. Jina alipewa kwa sababu mbwa wenzake wakikutana uwanjani, yeye alifika mwisho, akaketi pembeni na kuwatazama kama anayeandika kumbukumbu za mkutano. Nilimpiga picha mara nne. Matangazo manne, na simu haikulia hata mara moja. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Ndipo nilipokaa mbele ya kompyuta. Nilichukua sikio lake la kushoto, nikalinakili, nikaligeuza, nikalibandika kulia. Kovu nikalifuta. Nilichukua muda, kwa sababu manyoya ni magumu kuliko nywele za watu, na nilipomaliza nilijisifu moyoni. Mzee Onyango mwenyewe asingejua. Sikumwambia Mama Mutheu. Nilijiambia ni ile ile kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Tangazo nikalibandika Jumanne. Jumanne hiyo hiyo simu ikalia.

Aliyepiga alikuwa Bwana Karanja wa Lavington, na kazi yake ilikuwa kukagua majengo. Hilo sikulijua, na ningelijua pengine ningelikimbia mji. Kazi ya mtu huyo ni kushika ramani mkono mmoja, kusimama mbele ya nyumba, na kutafuta tofauti. Alikuja Jumamosi na mke wake na binti zake wawili wadogo. Akasimama mbele ya Katibu akiwa na tangazo mkononi. Akatazama karatasi. Akamtazama mbwa. Akamzunguka pole pole, akarudi mbele.

"Sikio ingine iko wapi?" akauliza.

Akaniambia ramani inaonyesha mawili. Alisema ramani kabisa, hakusema picha. Mama Mutheu akaichukua ile karatasi, na nikamwona akiisoma, na nikamwona akiacha kuisoma na kunitazama mimi. Mtu mwenye akili angesema ukweli papo hapo. Mimi nilisema kwamba ni mambo ya mwanga.

Bwana Karanja hakupaza sauti. Alisema kwamba Jumanne mbwa huyu alikuwa na masikio mawili, na leo Jumamosi ana moja, na yeye anataka kujua kilichotendeka katikati ya wiki katika uwanja huu. Binti zake wakaanza kulia. Mke wake akawarudisha kwenye gari. Mdogo aliushikilia mguu wa Katibu wa mbele, ikabidi abanduliwe kidole kimoja kimoja. Waliondoka na karatasi, na Jumatatu tukasikia kwamba tumeshtakiwa kwa kumkata mbwa sikio.

Afisa wa serikali aliyetumwa kuchunguza alikuwa kijana mpole mwenye fomu ya kurasa nne. Aliketi kwenye ile stuli ya miguu mitatu, akaegemea ukuta, akaanza. Palikuwa na mahali pa kujaza kiungo kilichoondolewa, na tarehe ya kuondolewa. Akaniuliza tarehe.

Nikamwambia hakikuondolewa.

"Basi kiko?"

"Hakiko."

"Lakini Jumanne kilikuwepo. Picha ninayo hapa."

"Nilikiweka mimi," nikasema. "Kwa kompyuta."

Aliinua kalamu. Akanitazama, kisha akamtazama Katibu, ambaye alikuwa ameketi pembeni kama kawaida yake, akifuatilia. "Wewe uliweka sikio," afisa akasema. "Halafu ukatoa."

Nikamweleza sikulitoa, halikuwahi kuwepo, na kwenye picha bado lipo mpaka sasa. Akafikiri sana. Akasema kama lipo kwenye picha basi halijapotea, na kama halijapotea hajui aandike nini, kwa sababu fomu ni ya viungo vilivyopotea. Alimwita Mama Mutheu, akamkagua Katibu, akapapasa kovu akasema ni la miaka mingi. Hatimaye aliandika sentensi moja, akaisoma kwa sauti ili nikubaliane nayo: sikio ambalo halikuwepo halikukatwa. Nikatia sahihi. Akaagiza picha ya uongo iondolewe kila mahali, na nakala ya ripoti ipelekwe kwa mlalamishi.

Alipokuwa akifunga mkoba aliniuliza kama bado napiga picha za paspoti, maana paspoti yake ilikuwa karibu kuisha. Na kama ninaweza, kwa heshima, kumsaidia kidogo hapa kwenye paji la uso, nywele zilikuwa zimeanza kurudi nyuma. Nilimwambia hapana. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwa nimewahi kumkatalia mteja jambo hilo. Nilishangaa jinsi lilivyotoka kwa urahisi.

Msifikiri yaliishia hapo. Habari ilizunguka kwenye makundi ya simu, na Jumamosi iliyofuata wale waliokuwa wamechukua mbwa wetu wakaanza kuja nao, kila mmoja na tangazo lake, kuwalinganisha. Walipanga foleni mpaka barabarani. Meneja alikuja kwa gari. Mama mmoja aliniomba nimwambie mbele za Mungu kama mkia wa mbwa wake ni wa kweli. Mkia wenyewe ulikuwa ukimpiga magotini tunapozungumza. Nilimwambia ni wa kweli. Akaniambia anataka nimhakikishie kwa maandishi. Niliandika barua kumi na moja siku hiyo, za mikia, miguu na madoa, na hakuna mbwa hata mmoja aliyerudishwa, lakini kwa kila sahihi niliyotia niliiona aibu yangu upya. Watu walikuwa wamewachukua mbwa hao kwa kuamini macho yangu.

Jioni, foleni ilipokwisha, Mama Mutheu aliniletea Katibu akiwa amefungwa kamba. Hakuwa amenigombeza hata siku moja, na hakunigombeza hapo.

"Ulimtazama ukaona kitu cha kurekebisha," akasema. "Nenda ukakae naye mpaka ujue sura yake."

Basi hivyo ndivyo nilivyoanza kulea mbwa kwa muda. Nyinyi huwa mnajaza fomu na kuulizwa maswali. Mimi nilikabidhiwa kamba.

Nyumbani palikuwa na mambo mawili: mkataba wa fleti unaokataza kufuga wanyama, na mke wangu. Askari wa lango, Wekesa, alitusimamisha akasema mbwa haruhusiwi. Nikamwambia simfugi, amekuja kutembea tu, ataondoka akipata kwake. Wekesa ni mtu wa utaratibu. Akaniambia kama ni mgeni basi aandikwe kwenye kitabu cha wageni, jina, nambari ya kitambulisho, nyumba anayokwenda, sababu ya kuja. "Mzee, hii mgeni iko na ID?" akauliza, na hakuwa akitania. Nikatoa mfukoni picha moja ya Katibu, ya sikio moja, ile ndogo ya ukubwa wa paspoti. Akailinganisha na mwenyewe, akairidhia, akaibandika kitabuni. Tangu siku hiyo kila tukitoka na kuingia Katibu aliandikwa. Sababu ya kuja: kuishi.

Mama Sarah alisema mbwa atalala roshani, ndani ya beseni la zamani, na hatavuka mlango. Mke wangu alipikia wanafunzi wa bweni maisha yake yote na hajazoea kubishiwa. Nikaweka beseni. Siku tatu za kwanza Katibu hakula mbele yetu. Ugali na matumbo vilikaa mpaka tulipoingia chumbani, kisha tukasikia sahani ikisogea.

Hapa msikilize, maana wengi wenu mnakosea. Mbwa akija kwako usimkumbatie, usimbadilishe jina, usiwaite majirani waje kumwona. Mpe chakula kile kile, saa ile ile, mahali pale pale, na umwache. Uketi chini karibu naye ukifanya mambo yako, ukimpa mgongo. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nilimenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula. Kamera niliiweka sakafuni kando ya sahani yake, haina kazi, kwa sababu kila nilipoiinua aligeuza uso. Siku ya tisa aliinusa. Siku ya kumi na mbili aliilalia.

Nilichogundua ni hiki. Kwa watu asiowajua, Katibu aligeuza kichwa ili sikio lake moja liwatazame. Alilinda ule upande usio na kitu, hakutaka mtu awe huko. Picha zangu zote nne nilimpiga akiwa hivyo, akiwa ananichunga. Nilidhani sura yake ni mbaya, kumbe ilikuwa sura ya kutoniamini.

Alasiri moja nilitoka chumbani nikakuta mlango wa roshani uko wazi. Mama Sarah alikuwa ameketi anachambua mchele kwenye ungo, na Katibu ameegemeza kichwa kwenye goti lake, lile kovu likiwa juu, macho yamefumba. Mke wangu alikuwa amemwinamia upande huo usio na sikio na anazungumza naye kwa sauti ya chini. Nilisikia jina langu. Nilimuuliza kwa nini anamwambia upande ambao hasikii.

Akanijibu bila kuinua uso kwamba hayo si ya kusikika, ni ya kusemwa.

Kamera ilikuwa miguuni pangu. Nililala sakafuni nikapiga moja tu. Sikuwaambia wakae wima, na sikufinya karatasi yoyote.

Picha hiyo ndiyo tuliyobandika, zikiwa zimebaki siku nne. Haikuwa na shuka nyeupe. Ilikuwa na goti, ungo, kovu, na mbwa anayelala. Chini niliandika kwa mkono wangu: Katibu, mzee, masikio moja. Mama Mutheu alitaka nisahihishe Kiswahili. Nikamwomba aiache, watu waone mwandishi naye ana kasoro.

Aliyepiga simu alikuwa Bwana Karanja. Nilidhani anataka kunishtaki tena. Alisema ripoti ya afisa ameipokea, ameisoma jioni nzima na mke wake, na hawakuielewa, lakini tangazo jipya amelielewa. Akaomba kuja kukagua. Alikuja Kileleshwa, akawaacha binti zake ndani ya gari, akajiandikisha kitabuni chini ya jina la Katibu, akapanda. Alisimama sebuleni na karatasi mkononi akahesabu kwa sauti: sikio moja, macho mawili, miguu minne, mkia mmoja, kovu moja. Akakunja karatasi akasema inalingana.

Kisha akaketi, na hapo alikuwa mtu mwingine. Alituambia binti zake walikataa kumsemesha siku mbili kwa sababu aliondoka bila mbwa. Ile picha yangu ya uongo waliibandika kwenye friji. Asubuhi moja akaikuta imetengenezwa: walikuwa wamechukua makasi na kuliondoa lile sikio.

"Sasa ndiyo limekatwa," akasema, na ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka.

Nilimwomba msamaha. Akasema sikio halikumuudhi kamwe, angemchukua bila hilo sikio siku ya kwanza, kama angeambiwa. Maneno hayo yaandikeni mahali. Nilimkosesha Katibu nyumba kwa kumpa kitu ambacho hakuna aliyekihitaji.

Ikabaki Mama Sarah. Nilijua hataki, na nilijua hatasema. Alimuuliza Bwana Karanja mbwa atalala wapi, nani atakuwepo mchana, na kama watamfokea akikawia kula. Alimuuliza yote hayo akiwa amesimama, kama anayemhoji mpishi mpya. Aliporidhika alikwenda jikoni akafunga matumbo kwenye mfuko, akamwandikia saa za chakula kwenye kipande cha karatasi. Nilimfuata nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba tunaweza kukataa. Tukatafuta fleti nyingine. Akaniambia kama tukimweka huyu, beseni limejaa, na wa kesho atalala wapi. Kisha akajifuta uso kwa kanga akatoka.

Kazi yetu ya kulea kwa muda iko hapo, vijana, na hakuna atakayewafundisha. Unamfundisha mbwa kuamini mikono, kisha unaikabidhi kamba kwa mikono mingine. Ukiifanya vizuri ataondoka bila kugeuka. Katibu aliteremka ngazi akiwa mbele, akamngoja Wekesa amwandike, akaruka ndani ya gari kama aliyekuwa akilisubiri. Wale wasichana walikuwa kiti cha nyuma. Mdogo alimshika mguu wa mbele, ule ule.

Mnajua tunavyofanya: mbwa akienda nyumbani tunapiga picha ya mwisho, yeye na familia yake. Nikawapanga dirishani. Mwanga ulikuwa mzuri, wa saa kumi, unatoka ubavuni. Nikainama, nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikawapungia mkono, na gari likaondoka. Mama Sarah alikuwa amesimama kando yangu na ungo mtupu mkononi, sijui kwa nini aliteremka nao. Akaniomba aione.

Nilikuwa sijatoa kifuniko cha lenzi. Miaka thelathini na miwili ya kazi, na sijawahi kufanya kosa hilo hata nikiwa mwanafunzi. Kioo cha kamera kilikuwa cheusi kutoka pembe hadi pembe. Nilitaka kueleza, lakini alikuwa ameshaichukua mkononi. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza mbali kidogo kama afanyavyo bila miwani, akaisogeza karibu.

"Ametoka vizuri," akasema, akanirudishia kamera, akapanda ngazi.